Maswali ya Wasomaji: Ngozi ya Ala Si Ngozi ya Kiatu

Mwezi uliopita nilieleza katika safu hii namna ya kuondoa kutu kwenye bapa la upanga bila kulikwaruza. Barua zilizofuata zimenionyesha kwamba wenye panga za urithi majumbani hawasumbuliwi sana na chuma. Wanasumbuliwa na ngozi. Ala inaota ukungu, mpini unabanduka, rangi inachafua kanzu ya bwana harusi, na kila mmoja ameshaambiwa na mtu fulani apake mafuta fulani. Kwa hiyo safu ya mwezi huu nimeiachia ngozi peke yake. Majibu yangu hayalingani kwa urefu, kwa sababu lipo swali linalohitaji maelezo ya mizizi yake na lipo linalomalizwa kwa sentensi chache.

Swali: Nina upanga wa feleji ulioachwa na marehemu babu yangu. Ala yake ni ya ngozi nyeusi iliyoshonwa kwa nyuma juu ya mbao mbili, na mpini wake pia umezungushiwa ngozi. Bibi yangu huupaka mafuta ya nazi kila mwezi wa Ramadhani unapokaribia, kama alivyomwona mama mkwe wake akifanya. Sasa ala imelegea, imetoa unga mweupe, na upanga umekwama ndani. Je, huo ni ukungu, na nifanye nini? – Mjukuu, Wete, Pemba

Jibu: Mjukuu, kwanza mfikishie bibi shikamoo yangu, na umwambie kwamba upanga uliopata mkono wa kuuangalia kila mwaka umebahatika kuliko panga nyingi ninazoletewa, ambazo zimetupwa stoo hadi mchwa wamekula mbao zake. Ninayoyasema hapa chini hayamlaumu. Yeye alifuata alichofundishwa.

Unga mweupe juu ya ngozi unaweza kuwa mojawapo ya vitu vitatu, na tiba hutegemea ni kipi. Unaweza kuwa ukungu, unaweza kuwa mafuta yaliyopanda kutoka ndani ya ngozi na kuganda juu yake, au unaweza kuwa chumvi. Chukua lenzi ya kukuzia, au kamera ya simu iliyosogezwa karibu, uutazame mahali penye mwanga. Ukungu una nyuzinyuzi kama manyoya ya kifaranga, hukaa kwa madoa ya mviringo, na hutoa harufu ya kabati lililofungwa muda mrefu. Mafuta hayana nyuzi. Huonekana kama utando wa nta, na ukiyapulizia hewa vuguvugu ya mashine ya kukaushia nywele kwa sekunde chache, kutoka umbali wa dhiraa moja, yanayeyuka na kupotea machoni, kisha yanarudi ngozi inapopoa. Chumvi haijali joto hilo, lakini ukiigusa kwa pamba yenye unyevu kidogo sana inayeyuka.

Kwa jinsi ulivyoeleza, nina hakika kubwa kwamba huo ni utando wa mafuta ya nazi. Mafuta hayo huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi za sentigredi, jambo ambalo kila mtu wa Pemba ameliona kwenye chupa asubuhi za kipupwe. Hugandia kwenye chupa, na hugandia kwenye ngozi vilevile.

Sasa nifike kwenye kiini cha tatizo. Ngozi ya kiatu hupinda kila hatua, na ndiyo sababu tunailainisha. Ngozi ya ala haikutengenezwa ipinde. Fundi aliilowesha, akaivuta juu ya mbao mbili nyembamba, akaishona kwa nyuma, kisha akaiacha ikauke na kusinyaa hadi ikazikamata mbao kama ngozi inavyoukamata mzinga wa ngoma. Kukaza huko ndiko kunakozuia mbao zile zisiachane. Anayeilainisha kwa mafuta anaifungua kazi yote ya fundi: ngozi inatanuka, mshono unalegea, mbao zinateleza moja juu ya mwenzake, na bapa linabanwa katikati. Upanga wako haukukwama kwa kutu peke yake. Umekwama kwa sababu ala imepoteza umbo lake.

Nalisema hili nikiwa nimelifanya mwenyewe. Nilipokuwa na umri wa miaka 19, nikijifunza kushona makubadhi kwa mjomba wangu, jirani alituletea ala ya jambia la baba yake, kavu na yenye nyufa nyembamba. Niliipaka mafuta ya nazi mara tatu katika siku mbili, ikang'aa, na mwenyewe akashukuru. Masika yalipopita ilirudishwa kwetu ikiwa na mshono uliofunguka kwa urefu wa shubiri nzima, vumbi limeshikamana na mafuta likawa tope jeusi kwenye nakshi zote, na ndani yake kumeota koga. Nilijaribu kila nililolijua na ngozi ile haikurudi kuwa ngumu. Mwenye ala hakunilaumu, na hilo lilinikaa moyoni zaidi kuliko kama angenigombeza.

Kuutoa upanga, usiuvute kwa nguvu wala usimimine mafuta kwenye mdomo wa ala. Weka ala mezani juu ya taulo. Mwenzako aishike kwa pande zake bapa, vidole vyake visizunguke upande wa makali hata kidogo, kwa sababu bapa likihama linaweza kupasua ngozi na kumkata kiganja. Nimeona mkono uliopata nyuzi kwa kosa hilo. Wewe shika mpini na uvute polepole, kwa mstari ulionyooka, bila kuzungusha. Ukigoma, uache siku kadhaa katika chumba kikavu chenye feni, ujaribu tena.

Ukishatoka, futa utando mweupe kwa kitambaa kikavu cha pamba, ukikigeuza kila kinapochafuka. Halafu ukunjie ala karatasi za tishu zisizo na rangi, uiache siku moja, uzibadilishe, na urudie hadi zisitoke na doa la mafuta. Kazi hiyo huchukua wiki na haina njia ya mkato. Ndani ya ala tia ubao mwembamba wenye umbo la bapa, uliofungwa kwa kitambaa, ili mbao zikae mahali pake ngozi inapojikaza tena. Haitajikaza yote, ila itajikaza kiasi. Usiianike juani. Jua la saa sita litaikausha haraka upande mmoja na kuipindua kama kigae.

Bapa lenyewe lifute kwa kitambaa chenye tone moja la mafuta ya cherehani, kisha lifute tena kwa kitambaa kikavu, na usilirudishe alani kwa makazi. Ngozi iliyosindikwa kwa magome ina tanini, yaani ile dawa ya magome inayoisindika, na asidi, na hunyonya unyevu wa hewa, nao unyevu wa visiwani kwetu mara nyingi hupita asilimia 70. Upanga unaolala humo kwa miezi hupata kutu hata kama ulitiwa mafuta, na mafuta yakiteremka yanakusanyika kwenye ncha ya ala na kuiozesha mbao. Ala ni ya kusafiria na ya kutokea shereheni. Nyumbani, vilaze viwili hivyo kila kimoja peke yake, vikiwa vimefungwa kwa kitambaa cha marekani, kile cha pamba kisichopaushwa ambacho wazee wetu walikitumia kwa kila kitu. Kifue kwanza mara mbili kwa maji ya moto ili dondo, ule wanga wa kukazia nguo, litoke, kwa maana dondo huita wadudu.

Ramadhani ijayo, bibi aendelee kuufungua upanga na kuufuta. Badala ya mafuta, mpe brashi laini ya kunyolea ambayo haijawahi kutumika, aondoe vumbi kwenye mishono. Desturi yake ya kuuangalia kila mwaka ni njema na ningependa isikatike.

Swali: Nilinunua sime Narok na kuining'iniza sebuleni. Ala yake nyekundu inachafua mikono na imeacha alama ukutani. Niliifuta kwa maji na sabuni ya kipande, ikazidi kutoa rangi na sasa imeanza kupinda. Nitairudisheje? – Mwalimu, Nakuru

Jibu: Mwalimu, ala za sime za Kimasai kwa kawaida huwa na vipande viwili vya mbao vilivyofunikwa kwa ngozi mbichi, yaani ngozi iliyokaushwa bila kusindikwa, kisha ikapakwa rangi nyekundu kwa juu. Ngozi ya namna hiyo ina tabia yake. Ikilowa hulainika na kuvimba kama kwato za ng'ombe zinapochemshwa supu, na ikikauka husinyaa kwa nguvu kubwa. Fundi anaitumia nguvu hiyo kuikaza alani mara moja tu, wakati wa kuitengeneza. Maji yako yameianzisha kazi ile upya bila fundi kuwapo, na upande uliokauka kwanza ukauvuta mwingine.

Sabuni nayo ina kosa lake. Sabuni ya kipande ni alkali, pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, ikifika 9 au 10, na ngozi haiipendi alkali hata ikiwa ya kiatu; ile iliyosindikwa kwa magome hukaa kwenye asidi, kati ya 3 na 5 hivi. Rangi ambayo haikuzama ndani ya ngozi huachia mara moja ikikutana na maji na alkali kwa pamoja.

Ikiwa ala bado ina unyevu, toa sime, tia ubao wa umbo lake, funga ala kwa utepe mpana wa pamba kuanzia mdomoni hadi nchani bila kuminya sana, na uiache kivulini ikauke kwa wiki moja au mbili. Kama tayari ni kavu, usiiloweshe tena ili kuinyoosha. Mpindo mdogo ni afadhali kuliko ufa.

Rangi ishughulikie ikiwa kavu kabisa. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, isugue ala kwa mikono mepesi kuelekea upande mmoja, na uendelee kubadilisha kitambaa hadi kisitoke na wekundu mwingi. Hapo jaribu dawa ya viatu isiyo na rangi, tena ile ya nta, kiasi cha punje ya mchele, mahali pa nyuma pasipoonekana. Ikiwa rangi haikutoka, paka utando mwembamba sana kote, subiri dakika 20, kisha ng'arisha kwa brashi kavu. Spiriti usiiguse ala hiyo nayo. Unapoitundika tena, weka vipande viwili vya kitambaa kinene nyuma yake ili isiguse ukuta, na uchague ukuta usiopigwa na jua la dirishani, kwa sababu wekundu huo hufifia.

Mpini usiupake kitu. Ngozi iliyozungushwa pale inashika kwa kukaza, na mafuta yataifanya iteleze. Sime za watu wanaozivaa kila siku huwa na mpini uliokolea na kung'aa kwa jasho na mkono wa mwenyewe. Ukibahatika siku moja kupata ya namna hiyo, mng'ao ule usiusafishe. Ni maisha ya mtu.

Swali: Naandika kutoka Maskati, ambako wazazi wangu walihamia kutoka Unguja miaka ya 1970. Tuna upanga uliokuja na familia. Ngozi ya ala imegeuka nyekundu-kahawia, na kila ninapoishika napata unga mwekundu mikononi na kwenye kanzu. Ndugu yangu ananishauri nipake mafuta ya miguu ya ng'ombe yanayouzwa kwa ajili ya matandiko ya farasi. Kabati lipo katika chumba chenye kiyoyozi. – Msomaji, Maskati

Jibu: Ndugu msomaji, tafadhali mwambie ndugu yako asubiri, na hata wewe usiiguse ala hiyo kwa mikono mitupu kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Ugonjwa ulioueleza watunzaji wa makumbusho huuita uozo mwekundu. Huipata ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti. Gesi zenye salfa zilizomo katika hewa chafu, kutoka kwenye makaa, mafuta na magari, huingia katika ngozi na kugeuka asidi kali, na asidi hiyo huzikatakata nyuzi za ngozi kwa miaka mingi. Mwanzoni ngozi hubadilika rangi, kisha uso wake hupasuka na kubanduka, na mwishowe yote hugeuka unga. Aina ya magome ina sehemu yake. Ngozi iliyosindikwa kwa magome ya mikoko, kama vile mkandaa, ambayo pwani yetu iliwahi kuyasafirisha kwa wingi, au kwa magome ya miwati inayolimwa Njombe na nyanda za juu za Kenya, hupatwa na uozo huu upesi kuliko iliyosindikwa kwa baadhi ya tanini nyingine. Sisemi kwamba ala yako ilisindikwa kwa mkandaa. Siwezi kulijua hilo kwa barua. Nasema tu kwamba wekundu ule una historia ndefu, na haukutokana na uzembe wa nyumba yenu.

Mafuta hayafai kwa sababu iliyo wazi mara tu unapoielewa hali ya ngozi. Mafuta hulainisha nyuzi nzima ili ziteleze moja juu ya nyingine. Kwako nyuzi zimekatika. Hakuna cha kulainishwa. Kuna unga, na unga ukichanganywa na mafuta huwa tope. Ala itakuwa nyeusi, yenye kunata, na itaendelea kuoza kama zamani. Maji ni mabaya zaidi. Tone moja la maji juu ya ngozi yenye uozo mwekundu hulifanya doa liwe jeusi na gumu papo hapo, na doa hilo halitoki tena. Joto nalo ni adui, maana ngozi iliyooza hivyo husinyaa kwa joto dogo sana ambalo ngozi mpya isingelijali, kwa hiyo iweke mbali na mashine ya kukaushia nywele niliyomshauri Mjukuu wa Wete.

Kinachowezekana ni kuufunga unga usiendelee kupukutika. Dawa inayotumiwa sana na watunzaji ni selulosi iliyobadilishwa kikemikali, ambayo huuzwa kwa jina la Klucel G. Ni unga mweupe unaoyeyushwa katika alkoholi safi isiyo na maji, kiasi cha gramu 2 kwa mililita 100. Mimina unga kidogo kidogo huku ukikoroga, uache usiku kucha, asubuhi utakuta kimiminika kizito kidogo kama uji mwepesi. Fanya kazi karibu na dirisha lililo wazi, mbali kabisa na moto na chetezo. Kwanza tandika karatasi nyeupe, vaa glavu, na upanguse vumbi kwa brashi laini bila kusugua. Kisha jaribu dawa mahali padogo nyuma ya ala. Ikikauka bila kuacha weusi, endelea kwa brashi laini, ukiigusisha badala ya kuiburuta, na uache saa 24 kabla ya kuamua kama panahitaji mkono wa pili. Ngozi itakolea kidogo wakati imelowa, halafu itarudi. Dawa hii haiponyi uozo na haifanyi ngozi kuwa mpya. Inawawezesha watoto wako kuishika ala bila kuiondoa kidogo kidogo kwa vidole. Palipobanduka vipande vikubwa, usiviunganishe kwa gundi ya viatu wala ile inayoshika papo hapo. Vihifadhi katika bahasha na umpelekee mtaalamu wa makumbusho.

Kiyoyozi chako ndicho ninachokihofia kuliko vyote. Hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55 inaifaa ngozi. Ikizidi 65 kwa muda mrefu, ukungu huota. Ikishuka sana, ngozi husinyaa na kupasuka. Kinachoumiza zaidi ni kupanda na kushuka kila siku, mchana kiyoyozi kinanguruma na usiku kimezimwa, huku mlango wa kabati ukifunguliwa kila saa. Liweke sanduku la ala katikati ya nyumba, si ukuta wa nje, wala chini ya mkondo wa kiyoyozi. Kipimo kidogo cha unyevu cha bei nafuu kitakuambia mengi ndani ya wiki moja. Na ninajua desturi ya nyumba zetu, huko na huku, kwa hiyo naomba pia ala isifukizwe udi pamoja na nguo. Moshi huacha utando wa mafuta ambao kwenye ngozi hii hauwezi kufutwa.

Swali: Mimi ni afisa mstaafu. Upanga wangu wa gwaride una ala ya ngozi ya kahawia iliyofunika mbao, na mpini wa ngozi ya samaki yenye punjepunje, iliyozungushiwa waya. Nimekuwa nikiing'arisha ala kwa kiwi pamoja na mkanda. Waya umeanza kucheza na kati ya punje kumejaa uchafu. – Afande, Nairobi

Jibu: Afande, ala yako na mkanda wako vina asili moja, lakini havitunzwi sawa. Mkanda huo unachukua jina la Sam Browne, afisa wa jeshi la Uingereza nchini India aliyepoteza mkono wake wa kushoto vitani mwaka 1858 na akahitaji mkanda wa begani wa kuushikilia upanga. Mkanda lazima upinde. Ala lazima ibaki imenyooka. Kwa hiyo krimu ya kulainisha iwe ya mkanda peke yake.

Kiwi kwenye ala yako haina madhara makubwa, mradi ngozi ni nzima na tabaka ni jembamba. Naona maafisa wengi wakirundika tabaka juu ya tabaka hadi rangi inapasuka kama tope la mto uliokauka, hasa karibu na kofia ya chuma ya nchani. Ikiwa umefikia hapo, usikwangue. Tumia kitambaa chenye spiriti nyeupe ya mafundi rangi, kidogo sana, baada ya kujaribu nyuma, na uondoe tabaka kwa siku kadhaa. Kuanzia hapo mara mbili kwa mwaka inatosha. Ukipenda kuacha rangi kabisa, ipo nta iitwayo Renaissance Wax, iliyobuniwa katika British Museum miaka ya 1950, ambayo inafaa ngozi nzima na chuma pia.

Ngozi ya samaki kwenye mpini, ambayo mara nyingi ni ya samaki aitwaye taa, ni ngumu kama mfupa na haihitaji mafuta kamwe. Mafuta hukaa kati ya punje, yakakamata jasho na vumbi, na shaba iliyomo katika waya ikageuka kijani. Chukua mswaki laini, uuloweshe kwa maji yaliyotoneshwa, uukung'ute hadi usidondoshe, na usugue kwa duara ndogo ukikausha mara moja kwa kitambaa. Maji hayo huuzwa kwenye vituo vya mafuta kama maji ya betri. Hakikisha ni yale ya kuongezea, maana chupa inayofanana nayo huwa na asidi. Waya unaocheza hukazwa na fundi kwa kuuzungusha upya. Usiubandike kwa gundi, kwa kuwa fundi atakayefuata atalazimika kuing'oa ngozi pamoja nao.

Swali: Tunakodisha majoho, vilemba na majambia ya bwana harusi. Palipo na shaba juu ya ngozi hutoka kitu cha kijani kama nta. Vijana wangu huking'oa kwa kisu na kusafisha shaba kwa ukwaju. – Bi. Harusi, Mombasa

Jibu: Bi. Harusi, hiyo nta ya kijani ni shaba iliyoungana na mafuta mliyopaka kwenye ngozi. Mkiacha mafuta, itapungua. Ing'oeni kwa kijiti cha meno cha mbao, si kisu. Ukwaju, ndimu na majivu vinang'arisha shaba vizuri sana vikiwa jikoni, lakini kwenye jambia majimaji yake huchuruzika chini ya pambo na kuila ngozi mahali msipopaona. Futeni shaba na fedha kwa kitambaa kikavu cha kung'arishia, mkiwa mmefunika ngozi kwa kipande cha nailoni. Kila jambia linaporudi kutoka harusini, lifuteni jasho mpinini usiku huohuo, kabla halijafungiwa kwenye sanduku.

Swali: Ala ya upanga wa baba ina vitundu vidogo, na chini yake kila asubuhi nakuta unga mwembamba. Nimenyunyiza dawa ya mbu. – Msomaji, Lamu

Jibu: Acha dawa ya mbu, hutia madoa kwenye ngozi na haifiki ndani ya mbao. Unga mwembamba kama poda unaotoka kwenye tundu la mviringo unatokana na wadudu watoboao mbao za ala. Ukikuta mabuu yenye manyoya au maganda yao, hao ni mbawakawa wadogo wa ngozi. Wote wawili hufa kwa baridi.

Toa upanga, funga ala kwa marekani, itie katika mfuko wa nailoni, kamua hewa na uufunge kwa utepe wa gundi pasipenye unyevu. Iweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 14. Umeme ukikatika hadi friza ikaanza kuyeyuka, anza kuhesabu upya. Siku zikitimia, toa mfuko na usiufungue kwa saa 24, kwa sababu hewa ya Lamu ikiigusa ngozi yenye baridi itaitia umande kutoka mdomoni hadi nchani. Kisha pangusa unga wote, zungushia kila tundu alama ndogo ya penseli kwenye karatasi yenye mchoro wa ala, si kwenye ngozi yenyewe, na uilaze ala juu ya karatasi nyeusi kwa wiki mbili. Unga mpya ukionekana juu ya karatasi, irudishe kwenye friza kwa siku nyingine 14.